Nungwi hadi Makunduchi kwa Miguu: Mwongozo Kamili wa Siku Sita Pwani ya Mashariki ya Unguja

Kila msimu wapo wanaoondoka Nungwi na mabegi mgongoni wakisema watafika Makunduchi kwa miguu. Wengi wao huishia Matemwe au Kiwengwa, wakadaka daladala ya kurudi mjini. Miguu yao haina kasoro. Kosa lao ni moja: wamepanga safari kwa kilomita, na pwani hii hupangwa kwa maji.

Mtu anaangalia ramani, anaona mwendo wa saa nne au tano, anakunywa chai taratibu, anaondoka saa tatu. Saa tano anajikuta kati ya ukuta wa jabali na bahari inayojaa, hana pa kupita mbele wala nyuma. Kesho yake anarudia vile vile, kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa mchanga aliouona jana asubuhi haukuwepo saa tatu kabla na hautakuwepo saa tatu baadaye.

Njia nzima ni karibu kilomita 90. Saa zote humu ni za Kiswahili.

## Vitu vya kuwa navyo

Raba kuukuu zenye soli ngumu, pamoja na soksi. Nusu ya njia ni mchanga, lakini zile sehemu za matumbawe makavu hukata kama msumeno. Kandambili hazifai hata kidogo. Yeboyebo chukua kwa ajili ya jioni tu, miguu ipumue.

Maji lita tatu kwa mtu kila unapoondoka. Upande huu wa kisiwa ni maweni: mvua ikinyesha maji huzama ndani ya mawe, hakuna mto wala kijito utakachokutana nacho. Visima vya karibu na bahari vina maji ya chumvichumvi. Jaza au nunua kila kijiji.

Mfuko usiopitisha maji wa simu, fedha na kitambulisho. Mifuko ya plastiki ya kawaida imepigwa marufuku Zanzibar, hivyo usije nayo ukitegemea kufungia vitu.

Kofia pana, nguo ya mikono mirefu, na kanga au kikoi. Ukielekea kusini asubuhi jua linakupiga upande wa kushoto muda wote, hasa shingo na sikio. Kanga itakufaa pia kupita vijijini.

Dawa: pakiti za ORS (unga wa kuchanganya na maji ya kunywa kwa aliyepungukiwa maji mwilini), bendeji, plasta, kibano kidogo, siki kwenye chupa, dawa ya kusafishia vidonda, na dawa zako unazotumia kila siku.

Noti ndogo ndogo. Mawakala wa pesa za simu wapo vijiji vingi, ila mwenye boti au mama wa vitumbua hana chenji ya noti kubwa saa kumi na mbili asubuhi.

Fimbo nyepesi, ya kupimia kina na kukusaidia kusimama kwenye mawe yenye utelezi.

Hema liache nyumbani. Vyumba vipo kila kituo, na mzigo ukizidi kilo nane utaujutia kwenye jabali la siku ya kwanza.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kutazama mwezi

Hii ndiyo hatua inayoamua safari yote, isome mara mbili.

Mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, huwa ni wakati wa bamvua: maji hujaa sana na hukupwa sana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Katikati ya nyakati hizo, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu: bahari hupanda kidogo, hushuka kidogo, na miamba mingi haikauki kabisa.

Watu huogopa bamvua kwa kuwa maji yake ni makubwa. Kwa mtembeaji ni kinyume chake. Wakati wa bamvua bahari hukupwa hadi mwisho asubuhi, karibu na saa nne, na ufuko mzima hukauka ukiwa bado na nguvu na jua halijawa kali. Wakati wa maji mafu, saa nne asubuhi ndipo maji yamejaa, na kupwa kwenyewe kunakuja alasiri, kudogo, kusikokusaidia.

Basi fanya hivi: tafuta kwenye kalenda siku ya mwezi mpevu au mwandamo, kisha anza safari siku mbili kabla yake. Siku ya kwanza maji yatakuwa makavu kabisa kabla kidogo ya saa tatu asubuhi. Kila siku yanachelewa kwa dakika 40 hadi 50, kwa hiyo siku ya sita yatakauka baada ya saa sita mchana. Siku zako zote sita zitaangukia ndani ya kipindi hicho cha bamvua.

*Utajua umefanikiwa:* kwenye jedwali la maji, siku zako zote zina kimo cha kupwa kisichozidi mita 0.7 hivi. Ukiona mita moja na zaidi, sogeza tarehe.

## Hatua ya 2: Andika karatasi ya maji

Chukua jedwali la kupwa na kujaa la bandari ya Zanzibar, kutoka kwenye programu ya simu au lililochapishwa, uandike kwa mkono: siku, saa ya kupwa, kimo, saa ya kujaa. Karatasi haiishi chaji.

Tahadhari: baadhi ya majedwali hutoa saa za Greenwich, na sisi tuko saa tatu mbele. Kipimo cha kujihakikishia ni rahisi. Siku ya mwezi mpevu au mwandamo, kupwa kwa asubuhi sharti kuwe karibu na saa nne. Jedwali likikuambia saa moja asubuhi, ongeza saa tatu.

Halafu chora dirisha lako la kutembea: saa tatu kabla ya kupwa hadi saa mbili baada ya kupwa. Jumla saa tano, ambazo kwa mwendo wa kilomita tatu na nusu kwa saa zinakupa kilomita 17 au 18.

Kwa nini isiwe saa tatu baada pia? Kwa sababu bahari haijai kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza huingia kidogo, ya pili kiasi, ya tatu na ya nne kwa kasi kubwa: robo ya maji yote huweza kuingia ndani ya saa moja. Katika bamvua hiyo ni karibu mita nzima. Anayejipa saa tatu huwa bado yuko chini wakati kasi hiyo inaanza.

Jambo la pili, na hili ndilo linalotisha zaidi. Maji yanaporudi hayaji kama mstari mmoja kutoka mwambani, kule nje mawimbi yanapovunjikia. Huingia kwanza kwenye mikondo iliyo chini, ambayo mingine iko karibu na ufuko kuliko fungu la mchanga ulilosimama. Unatazama mbele kwenye mwamba, huoni mabadiliko, kumbe nyuma yako kumeshajaa. Kwa hiyo usitembee mbali kuelekea mwambani maji yakishaanza kurudi, hata kama mchanga wa huko unapendeza.

## Hatua ya 3: Weka vyumba na taarifa

Piga simu uweke chumba cha siku ya kwanza na ya nne mapema, maana hizo ndizo siku utakazofika umechoka au umechelewa. Nyingine unaweza kutafuta ukifika. Nyumba za wageni zinazoendeshwa na wenyeji ziko nyuma ya ufuko, upande wa barabara.

Mwachie mtu mmoja nakala ya karatasi yako ya maji, umpigie kila jioni. Tembea na mwenzako. Fukwe za kati ya kijiji na kijiji ni kimya, na giza likiingia usiwe ufukweni.

Ukitaka kulala mahali pasipo nyumba ya wageni, pita kwanza kwa sheha, yaani kiongozi wa eneo, wa shehia hiyo, umsalimie na kumweleza. Mwezi wa Ramadhani usipange safari hii: mchana hutapata chakula vijijini, na kula au kunywa mbele za watu wanaofunga hakufai, nawe unahitaji maji kila nusu saa.

## Hatua ya 4: Siku ya kwanza, Nungwi hadi Matemwe (karibu kilomita 18)

Ndiyo siku ngumu kuliko zote, na ndiyo inayowashinda wengi.

Lala Nungwi upande wa mashariki ili usipoteze muda asubuhi. Ondoka mara kunapopambazuka. Ukiuzunguka upande wa mashariki wa ras, ufuko unakatika na jabali la matumbawe linaanza, limeliwa na mawimbi kwa chini hadi limetokeza kama paa. Maji yakiwa makavu unapita chini yake juu ya mwamba tambarare. Maji yakijaa bahari inagonga ukuta, na hapo hakuna njia.

Kwa hiyo lengo la asubuhi ni moja: uwe umefika Muyuni, ufuko ulio kabla ya Matemwe, nusu saa baada ya kupwa. Usipumzike kwenye vifuko vidogo vya mchanga vilivyo katikati, hata kama vina kivuli. Kunywa maji ukitembea.

Kwenye mwamba tazama unapokanyaga. Vidimbwi vimejaa wale wadudu weusi wa miiba mirefu, na majani ya bahari ya kijani yanateleza kuliko tope. Kanyaga mchanga au jiwe kavu, pita kando ya dimbwi.

Ukichelewa na maji yakaanza kurudi kabla ya Muyuni, tafuta mara moja mahali pa kupandia juu ya jabali na ufuate vijia vya wavuvi hadi barabarani. Usijaribu kukimbilia kona inayofuata. Kona hiyo ina kona nyingine nyuma yake.

Kisiwa cha Mnemba kikiwa kimesimama mbele yako upande wa kushoto na mchanga ukawa mpana, umeshavuka gumu. Kutoka Muyuni hadi Matemwe unaweza kwenda taratibu hata maji yakianza kujaa.

*Utajua umefanikiwa:* uko Matemwe kabla ya saa sita, raba zako zimelowa lakini magoti ni makavu, na mkojo wako bado ni wa rangi hafifu. Ukiwa wa rangi ya chai, kunywa pakiti ya ORS kabla ya kulala.

Ukishindwa, daladala namba 118 inatoka Matemwe kwenda mjini.

## Hatua ya 5: Siku ya pili, Matemwe hadi Kiwengwa (karibu kilomita 13)

Siku nyepesi: mchanga mgumu mweupe kupitia Pwani Mchangani. Tembea kwenye ule unyevu, palipokauka juu miguu huzama na mashavu ya miguu huuma usiku.

Kuna sehemu ambazo hoteli zimejenga kuta hadi usawa wa maji. Pita chini, msalimie mlinzi, endelea. Maji yakijaa hutapata pa kupita mbele ya kuta hizo, na hiyo ndiyo sababu ya kuheshimu dirisha lako hata siku iliyo rahisi.

Tumia alasiri kukausha raba na kukagua miguu. Lengelenge linalotibiwa leo halitakusimamisha keshokutwa.

## Hatua ya 6: Siku ya tatu, Kiwengwa hadi Uroa (karibu kilomita 12)

Kati ya Kiwengwa na Pongwe mawe yanarudi, ingawa si marefu kama ya Nungwi. Yapite ndani ya saa moja kabla au baada ya kupwa. Pongwe yenyewe ina ghuba ndogo iliyokingwa, pazuri pa kula ulichobeba.

Kuanzia hapa utawakuta kina mama wakitoka na maji kwenda kuchokoa pweza au kwenye mwani. Watazame. Wao hawahitaji jedwali. Wakianza kurudi, nawe sogea juu ufukweni. Ni dalili ya uhakika kuliko simu yako.

## Hatua ya 7: Siku ya nne, Uroa hadi Chwaka, kisha boti hadi Michamvi

Hapa mambo yanageuka, na anayesahau hili hulala Chwaka bila kupenda.

Ghuba ya Chwaka huwezi kuizunguka kwa miguu. Ndani yake ni mikoko na tope. Barabara nayo inazunguka mbali kupitia Jozani na Paje. Njia ya mtembeaji ni boti, na boti inataka kinyume cha unachotaka wewe: maji mengi. Ghuba ikikupwa, sehemu kubwa hubaki mchanga na majani ya bahari, na mashua hukaa juu.

Mpango ni huu. Ondoka Uroa saa mbili asubuhi, pita Marumbi, ufike Chwaka kabla ya saa tano. Ni kilomita nane tu. Nenda moja kwa moja dikoni, pale boti zinapotua, uulize nani anavuka jioni, mkubaliane bei ya boti nzima, na muda. Fanya hivyo kabla ya kula. Wavuvi waliorudi asubuhi wako pale. Saa nane wengi wameshakwenda kulala.

Maji yatakuwa yanajaa kuelekea saa kumi na moja jioni. Panga kuondoka kati ya saa tisa na saa kumi, ili uteremke Michamvi bado kweupe. Dai jaketi okozi. Nahodha akisema upepo haufai, usimshawishi kwa fedha; panda gari au lala Chwaka.

Kule unashuka Michamvi Kae, upande wa magharibi wa ras, mojawapo ya sehemu chache za pwani hii unapoliona jua likizama baharini.

## Hatua ya 8: Siku ya tano, Michamvi hadi Paje (karibu kilomita 17)

Kata kwa barabara kutoka Kae hadi Pingwe, upande wa mashariki. Pingwe kuna mkahawa uliojengwa juu ya mwamba mmoja baharini: ukiona watu wanauendea kwa miguu, maji ni makavu, ukiona wanavushwa kwa boti, umechelewa.

Kutoka Dongwe hadi Bwejuu na Paje ndipo yalipo mashamba ya mwani. Vile vigingi na kamba ni mali ya watu, wengi wao kina mama wanaosomesha watoto skuli kwa mazao hayo. Usikatize shambani. Kamba ikikatika mwani wa wiki kadhaa unaelea na kupotea. Pita juu, kati ya mashamba na minazi, na ukikutana na wenyewe salimia kwanza: shikamoo kwa wakubwa, chei chei kwa wengine. Ukiwa umejifunga kanga au kikoi badala ya nguo ya kuogelea, utajibiwa kwa uso mkunjufu na mara nyingi utaambiwa hali ya njia iliyo mbele.

## Hatua ya 9: Siku ya sita, Paje hadi Makunduchi (karibu kilomita 18)

Leo maji yanakauka baada ya saa sita mchana, hivyo jua ndilo tatizo. Ondoka Paje saa mbili au saa tatu kasoro ukipita mchanga wa juu, ambao hapa hupitika hata maji hayajakupwa sana. Jambiani ni kijiji kirefu sana. Nunua maji yote unayohitaji kabla hujamaliza nyumba zake, kisha kaa kivulini hadi saa moja kabla ya kupwa.

Baada ya Jambiani hoteli zinapungua na jabali linarudi. Pita katikati ya dirisha, kofia kichwani, bila kusimama. Kama miguu inauma, lala Jambiani na umalizie kesho yake. Bado bamvua haijaisha. Mimi ningemshauri yeyote aliye zaidi ya miaka 50 au anayetembea na kijana mdogo afanye hivyo tangu mwanzo.

*Utajua umefanikiwa:* unapanda kutoka ufukweni Makunduchi kabla ya saa tisa alasiri. Daladala 310 itakurudisha mjini. Ukiwa katikati, Jambiani ni 309 na Bwejuu ni 324.

## Ukiumia

Miiba ya wadudu weusi: toa inayotoka kwa kibano, usichimbe. Wenyeji hupaka utomvu wa papai bichi. Osha, funika, angalia kama panavimba.

Kuchomwa na taa (yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani) au samaki jiwe: maumivu yake ni makali mno. Toka majini, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, huku ukitafuta gari. Joto hupunguza nguvu ya sumu. Halafu hospitali bila kusubiri: kaskazini kuna Kivunge, kusini kuna Makunduchi, na mjini Mnazi Mmoja. Ili kupunguza hatari hii, ukiwa ndani ya maji buruza miguu badala ya kuiinua. Taa husikia na kukimbia.

Kizunguzungu, kichefuchefu, ngozi kukauka jasho: ni joto. Kivulini, lowesha nguo, ORS kidogo kidogo, na siku hiyo imeishia hapo. Akianza kuongea yasiyoeleweka, apelekwe hospitali mara moja.

## Ukitembea wakati wa kusi

Yote hapo juu ni ya wakati wa kaskazi, Disemba hadi Februari, upepo unapokusukuma mgongoni kuelekea kusini. Masika, Machi hadi Mei, usitembee.

Juni hadi Septemba kusi linavuma na hali ya hewa ni ya baridi zaidi, lakini ukitoka Nungwi upepo na mchanga vitakuwa usoni siku sita nzima. Anzia Makunduchi. Hesabu ya mwezi ni ile ile. Linalobadilika ni Chwaka: ukishalala Michamvi siku ya pili, vuka alfajiri ya siku ya tatu, wakati maji yaliyojaa usiku bado yapo, kisha tembea hadi Uroa yakikupwa asubuhi hiyo hiyo. Zungumza na mwenye boti jioni yake, na kabla ya saa kumi na mbili na nusu uwe umeshapanda.

Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi, mwezi wa Julai. Kama siku zako zinagongana na sherehe hiyo, weka chumba wiki kadhaa kabla, au lala Jambiani na uje Makunduchi kwa gari asubuhi ya kuanza.